Mkono Ndani ya Kiatu

"Ufito, unavuja!"

Kinyozi wa chumba cha jirani ndiye aliyesema. Alikuwa amesimama mlangoni, mkasi mkononi, macho yake sakafuni. Fundi viatu, aliyeitwa Ufito kwa wembamba wake, naye akainama kutazama. Juu ya saruji, kutoka kwenye ndoo ya maji mpaka kwenye kibao chake cha kukalia, kulikuwa na nyayo za kiatu kimoja tu, cha kulia, kana kwamba kuna mtu aliyepita hapo akirukia mguu mmoja. Zilikuwa nyekundu, na zile za karibu zilikuwa bado mbichi.

Jambo la kwanza alilofanya fundi ni kutazama miguu ya kinyozi. La pili ni kujaribu kumkumbuka mteja wa mwisho kutoka. Mtu asiyesikia maumivu, akiona damu huidhania ni ya mwenzake.

"Rangi hiyo," alisema. "Nimemwaga rangi ya viatu."

"Rangi gani inafuatwa na nzi?"

"Rangi nzuri."

Kinyozi alicheka, akarudi kwa mteja wake aliyemwacha na kichwa nusu. Huo ndio uzuri wa kinyozi. Ukimpa kichekesho kimoja, anaondoka nacho akawagawie wateja wake, na ukweli hauulizi tena. Fundi akafunga ule mlango wa nusu, akaketi, akavua kiatu cha kulia.

Soksi ilitoka kwa shida, imelowa. Ndani ya kiatu, pale panapokanyagwa na kitako cha kidole gumba, ncha ya msumari mdogo wa soli ilikuwa imechomoza. Aliitazama, kisha akaugeuza wayo wake autazame. Tundu lilikuwa pale pale lilipopaswa kuwa. Lakini kingo zake zilikuwa nyeupe, laini, zimevimba, na hilo ndilo lililomtia baridi, kwa sababu lile halikuwa tundu la leo. Viatu hivyo alivipigilia soli mpya mwenyewe wiki iliyopita. Tangu siku hiyo alikuwa ameukanyaga ule msumari kwenda kazini na kurudi, sokoni, hata kwenye mazishi ya jirani alikosimama mchana kutwa, na hakuna mahali alipochechemea.

Marehemu baba yake, aliyemwachia kibao hicho pamoja na mguu wa chuma wa kugongea viatu, alimfundisha mengi kwa upole na jambo moja kwa ukali. Kiatu hakitoki dukani kabla mkono haujaingia. Unapenyeza vidole mpaka mwisho kabisa, unapapasa taratibu, unatafuta ncha ambayo jicho haliioni. Fundi alilitii hilo kwa viatu vya watu wote, vya watoto, vya walevi, hata vya wale wateja wasumbufu ambao angetamani wachomwe kidogo. Vyake tu ndivyo alivyovisamehe. "Mguu wangu ndio mkono wangu," alikuwa akisema. "Msumari ukiwepo, utaniambia." Sasa msumari ulikuwepo, na mguu ulikuwa umenyamaza wiki nzima.

Aliona kwanza aibu ya ufundi. Kinyozi hajinyoi, sawa, watu wamekwisha kumsamehe. Lakini fundi viatu akichomwa na msumari alioupiga kwa mkono wake, amlaumu nani? Alichukua nyundo ailaze ile ncha, akaiweka chini. Alikivingirisha kiatu kwenye gazeti, akakisukuma nyuma ya vipande vya ngozi, akafuta sakafu kwa tambara na maji, akavaa kandambili.

Aibu ya pili ilikuja polepole, na hiyo haikufutika kwa tambara. Mguu ulionyamaza aliujua. Aliwahi kuuona hapo hapo, juu ya kibao hicho hicho. Baba yake alianza na kidonda kidogo ambacho hakikumuuma, na kwa kuwa hakikumuuma hakukijali. Kidole kikaanza kuwa cheusi, weusi ukapanda. Hospitali wakamrudisha bila mguu, na haukupita muda mrefu hata mwenyewe hakuwepo. Watu wa nyumbani wakasema alichomwa na mwiba. Hakuna aliyeuona huo mwiba, lakini ukawa ndio jina la kifo chake, nao watoto wakakua wakilirithi jina hilo pamoja na vitu vingine walivyorithi bila kujua.

Miaka ikaenda, na dada yake mkubwa akaambiwa ana sukari.

Dada huyo alikuwa mnene, mcheshi, mwenye mkono wazi na kinywa kisichokataa kitamu. Aliporudi na habari yake alimwambia mdogo wake, "Na mimi nafikiri baba naye alikuwa nayo hii." Fundi alikasirika kama aliyetukaniwa marehemu. Baba yao alikuwa mwembamba. Yeye mwenyewe alikuwa mwembamba, mtaa mzima ukimwita Ufito, na jina hilo alilivaa kama nishani. Sukari, kwa hesabu zake, ilikuwa adhabu ya walafi.

Laiti angeishia kuwaza tu. Lakini siku wakwe walipokuja kumposa binti yake, wakati sebule imejaa na chai inamiminwa, dada aliomba yake isiwekwe sukari. Baba wa yule kijana akauliza, kwa adabu lakini kwa sikio lililosimama, "Kumbe dada yetu anaumwa sukari? Ni ya ukoo?" Fundi aliona uchumba wa mwanawe ukiyumba mbele ya macho yake. Akanyanyua kijiko mezani, akakiinua juu watu wote wakione.

"Ukoo gani, mzee wangu! Huu si wa kwetu, ni wake peke yake. Ameununua kwa kijiko hiki."

Sebule ilicheka mpaka chai ikamwagika. Dada yake alicheka kuliko wote, mabega yakimtikisika. Uchumba ulisimama, harusi ikafanyika, na kinyozi, aliyekuwa amealikwa kama jirani, akaondoka na kile kichekesho mfukoni. Haukupita mwezi mtaa mzima ukawa unamwita dada Mama Kijiko. Tangu hapo hakukanyaga tena nyumbani kwa mdogo wake. Akialikwa husema miguu inamuuma.

*

Fundi aliamua kujikaza kisabuni. Kidonda akakiosha kwa maji ya chumvi, akakifunga kitambaa, akavaa soksi mbili. Akajiambia kwamba ngozi ya miguu ya fundi ni ngumu, ndiyo maana hakusikia. Akajiambia pia kwamba kiu yake ni ya joto, na kwamba kuamka kila mara kwenda chooni ni kwa sababu ya kiu hiyo. Mtu akitaka kujidanganya hakosi ushahidi.

Kiu hiyo aliituliza kwa soda. Miaka yote hiyo fundi hakuwa na chakula cha mchana. Alijisifu kwa hilo, maana aliketi kwenye kibao asubuhi akainuka jioni, na katikati hakuweka kinywani ila soda, moja baada ya nyingine, chupa akizipanga nyuma ya mlango mpaka mwenye kioski aje kuzichukua. Soda hakuihesabu kuwa chakula. Wala kijiko hakikuhusika.

Na mkanda wake! Mwaka huo alikuwa ametoboa matundu mapya kwenye mkanda wa suruali yake, kwa kile chuma chake cha kutobolea, kila tundu likisogea ndani kuliko mwenzake. Kinyozi alimsifu. "Ufito, wewe unarudi ujanani, sisi tunakwenda uzeeni." Naye alifurahi, akatoboa jingine. Sasa, akifungua mkanda huo kila jioni, aliyatazama yale matundu yamejipanga, na hakuyaona tena kama sifa.

Kisha ikaja harufu.

Dukani haikusumbua sana, kwa kuwa gundi na ngozi hufunika mengi. Hata hivyo mteja mmoja alikunja pua, na fundi akakurupuka kulaumu kipande cha ngozi kilichokuwa juu ya meza. "Hii haikutengenezwa vizuri, inaoza." Akakitupa nje mbele ya mteja. Kilikuwa kipande kizuri, laini, alichokuwa amekiweka kwa kazi maalumu. Nyumbani ilikuwa vigumu zaidi. Asubuhi ya mapumziko mkewe alisimama katikati ya chumba, akavuta pumzi, akasema, "Kuna panya amekufa humu."

"Panya?"

"Hunusi? Njoo tuinue kitanda."

Wakainua kitanda. Wakavuta kabati. Fundi alipiga magoti, akamulika tochi uvunguni, akapekua masanduku na viatu vya zamani akimtafuta panya ambaye alijua hayupo, huku akiuvuta mguu wake nyuma ili usikaribie pua ya mkewe. Mkewe aliacha kutafuta. Alikuwa amesimama nyuma yake, na fundi alihisi macho yake juu ya zile soksi mbili, siku ya joto kama ile.

"Baba watoto," alisema mkewe taratibu. "Huyo panya una uhakika yuko uvunguni?"

"Labda yuko darini."

Mkewe alifungua dirisha, akatoka. Fundi alibaki amepiga magoti, tochi inawaka, na akatamani ardhi ipasuke immeze pamoja na kitanda chake.

*

Siku iliyofuata binti yake alikuja dukani. Mimba ilikuwa imekwisha kumbadilisha mwendo. Aliingia akitanguliza tumbo, akacheka mwenyewe, akavua viatu mlangoni.

"Baba, miguu yangu imekuwa mikate. Hakuna kiatu kinachoingia. Nishonee kandambili za ngozi, pana, zisizobana."

"Kaa, mwanangu. Weka mguu hapa."

Alitandika kipande cha boksi sakafuni, akapiga magoti, akaushika mguu wa binti yake, akaanza kuuzungushia penseli. Ulikuwa umevimba, lakini umbo alilijua. Kidole cha pili kirefu kuliko gumba, unyayo mwembamba katikati. Ni mguu wake yeye, na wa dada yake, na ule ambao baba yao alirudi bila kuwa nao. Maji hufuata mkondo. Mara ngapi alikuwa amesema, mtoto akiingia na mama yake dukani, "Nyinyi siwapimi wote wawili, nampima mmoja"?

"Kliniki walikuwa na maswali hayo!" binti alisema huku akijipepea kwa mkono. "Presha, kifafa, sukari, kwenu kuna nani. Wenye mtu wa sukari kwao wanawekwa kando, wanapewa maji ya glukosi wanywe, wanasubiri wapimwe tena na tena. Wenzangu wawili wamekaa huko asubuhi nzima. Mimi nikasema kwetu hakuna, nikaponea."

Penseli ilisimama kwenye kisigino.

"Hukumtaja shangazi yako?"

"Nilitaka. Kisha nikakumbuka, si ulisema ile si ya ukoo? Ya shangazi ni mambo yake ya kula. Ndivyo, baba?"

Alikuwa akimtazama kwa macho yasiyo na shaka, macho ya mtu aliyefundishwa na huyo huyo anayemwuliza. Fundi alikuwa amepiga magoti, uso wake karibu na mguu wa mwanawe, na mguu wake mwenyewe ulikuwa nyuma yake, ndani ya soksi mbili, unaoza. Neno lilimfika kooni. Kwa upande wa pili wa ukuta alisikia mashine ya kinyozi ikinguruma, kisha ikazimwa, na kimya kikaingia. Kinyozi akikata mashine, anasikiliza.

"Ndivyo," alisema fundi.

Akamaliza kuzungusha penseli. Mkono wake ulikuwa umeteleza, na pale kwenye kisigino mstari haukukutana.

*

Zahanati ya karibu hakuthubutu kwenda. Alikwenda ile ya mbali, ng'ambo ya reli, ambako hakuna mtu anayemjua Ufito. Alivaa kofia akaishusha mpaka kwenye nyusi, akaketi mwisho wa benchi, akainamisha kichwa kama mtu aliyesinzia. Mama mmoja mnene aliyekaa hapo alisogeza mkoba wake ampishe.

"Karibu," alisema yule mama. "Hapa wanaanza na waliofunga kula."

Sauti hiyo angeitambua hata ndani ya kisima. Alikaa bila kugeuka. Aliikazia macho picha ya mboga iliyobandikwa ukutani.

"Dada."

"Nilikujua kwa mwendo, tangu ulipoingia getini. Unachechemea na hujui kama unachechemea. Baba naye alikuwa hivyo."

"Umekuja huku kote? Kule kwenu kuna zahanati mlangoni."

"Ipo. Lakini kila nikiingia, kuna mtu ananiuliza kijiko nimekiacha wapi." Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza hali ya barabara. "Huku hawanijui. Na wewe? Umefuata nini huku kote?"

Fundi alikuwa na maneno mengi siku zote, ya kuchekesha na ya kuchoma, na sasa hata moja halikuja kumsaidia. Nyani haoni kundule, walimwambia utotoni, naye alidhani wanawasema nyani.

Muuguzi alimwita. Dada akainuka pamoja naye bila kuulizwa, kama alivyokuwa akiinuka zamani kumpeleka mdogo wake shule. Ndani, muuguzi alimtoboa kidole, akatazama kile kipimo chake kidogo, akakitazama tena. Kisha akaomba mguu. Soksi zilipotoka, chumba kikajaa kile ambacho mkewe alikiita panya. Muuguzi hakukunja pua. Fundi angependelea akunje.

"Fumba macho," alisema muuguzi. Mkononi alikuwa na uzi mgumu, kama wa kuvulia samaki. "Kila nikikugusa wayo, niambie."

Fundi alifumba macho, akasubiri. Alisubiri kwa uangalifu, na moyo wake wote alikuwa ameupeleka miguuni. Alisikia kiti kikilia. Alisikia dada yake akivuta kamasi.

"Niko tayari," alisema. "Anza."

"Nimekwisha maliza, baba. Fumbua."

Alipofumbua, dada yake alikuwa ameuelekeza uso dirishani.

"Kwenu kuna mwenye sukari?" muuguzi aliuliza, kalamu mkononi.

Ndilo swali lile lile. Mkwe aliliuliza sebuleni, kliniki walimwuliza binti yake, na sasa lilikuwa limemfuata mpaka ng'ambo ya reli. Mbele yake hapakuwa na kijiko cha kunyanyua.

"Yuko," alisema. "Huyu hapa ni dada yangu. Na mimi. Na baba yetu, ingawa tulisema ni mwiba."

"Lakini mimi ni mwembamba," aliongeza, na alipojisikia akaona haya.

"Wembamba wako ni wa zamani au wa juzi?"

Alishika mkanda wake, kidole kwenye tundu la mwisho.

"Kazi gani?"

"Kukaa," alisema dada, akapangusa macho. "Amekaa tangu ujana wake. Na soda."

Muuguzi aliitikia kwa kichwa. "Mtu harithi ugonjwa wenyewe, baba. Anarithi wepesi wa kuupata. Kisha maisha yanakuja, yanausukuma au yanauzuia. Wapo wanene wasioupata, na wembamba wanaoupata. Ukiwa na wepesi huo wa kwenu, halafu ukakaa mchana kutwa unakunywa sukari ya chupa, umeufungulia mlango. Ungejua mapema, ungeweza hata kuuchelewesha, pengine usije kabisa. Ndiyo maana tunauliza kwenu kuna nani. Hatuulizi ili tuseme watu."

Alisafisha kidonda muda mrefu, kwa mkasi na dawa, na fundi alitazama mikono yake ikifanya kazi juu ya mguu ambao haukutoa habari yoyote. "Kidole hiki sikuahidi," muuguzi alisema mwishoni. "Mguu tutaupigania. Lakini uje kila siku, usinifiche kitu. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Nje, dada na mdogo wake walikaa kwenye ukingo wa ukuta kusubiri dawa. Dada alimimina chai kutoka kwenye chupa yake, akampa kifuniko. Haikuwa na sukari. Fundi aliinywa yote.

"Kuna bwana mmoja alikuletea kiatu kimekufa," dada alisema. "Akalalamika ngozi mbaya, ingawa kiatu cha mwenzake cha ngozi ile ile kimedumu. Nilikuwepo. Unakumbuka ulimwambiaje?"

"Nilimwuliza amepita nacho wapi."

"Basi. Baba alitukatia ngozi moja. Wewe ukapita na chupa, mimi na kijiko. Sikatai kijiko changu, mdogo wangu. Sijawahi kukikataa."

"Siku ile..." fundi alianza.

"Siku ile nilicheka kwa sababu wakwe walikuwa wananitazama. Ningelia, mtoto asingeolewa." Alifunga chupa ya chai, akaikaza sana. "Nyumbani nililia mpaka nikachoka."

Fundi alivua kofia. Hapakuwa na mtu wa kumficha tena.

"Binti ana mimba," alisema. "Kliniki wamemwuliza. Akasema kwetu hakuna. Jana akaniuliza mimi, nikamwambia ndivyo."

Dada aligeuka akamtazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulikuwa mkali.

"Jana? Na mguu ukiwa hivyo?"

"Nisaidie kumwambia, dada."

"Mimi?" Aliinuka, akapachika mkoba begani. "Mimi nilishaambiwa kwamba si wa kwenu. Utamwambia wewe. Kwa mdomo ule ule."

*

Alishona kandambili zile kwa ngozi laini, ndugu wa kile kipande alichokitupa nje. Alikata soli kwa kufuata mstari wa penseli, na pale kwenye kisigino ambapo mstari haukukutana aliuunganisha mwenyewe. Mguu wake ulikuwa juu ya boksi, umefungwa bandeji nyeupe, na wateja walioingia waliutazama kisha wakatazama pembeni. Kinyozi alikuwa ameuliza asubuhi. "Kesho nitakueleza," fundi alimjibu, "leo nina mtu wa kumweleza kwanza." Kinyozi aliondoka amechanganyikiwa, hajapewa kichekesho.

Alipopiga uzi wa mwisho alipapasa kandambili hizo chini na juu, kila mahali mguu utakapokanyaga. Hazikuwa na msumari hata mmoja. Alizishona kwa uzi mtupu, makusudi. Hata hivyo alipapasa tena.

Binti alikuja jua likiwa limepungua ukali. Alizivaa, akatembea hatua chache mbele ya duka, akazunguka.

"Baba, sizisikii kabisa! Ni kama sijavaa kitu." Kisha akaona bandeji. "Umefanyaje?"

"Kaa."

Alikaa. Fundi aliinama nyuma ya vipande vya ngozi, akatoa furushi la gazeti, akalifungua. Kiatu cha kulia kilikuwa kimekauka, soli yake ya ndani imekuwa ngumu na nyeusi. Kwa upande wa pili wa ukuta mashine ya kinyozi ilinguruma, kisha ikazimwa. Fundi aliusikia ukimya huo. Angeweza kushusha sauti. Aliufungua mlango wa nusu mpaka ukagonga ukuta, akarudi kwenye kibao.

"Nilikudanganya, mwanangu," alisema, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, ikafika hata kwa mwenye kioski. "Niliwadanganya na wakwe zako. Shangazi yako hakununua kitu. Ni wa kwetu."

"Nini cha kwetu?"

"Sukari. Babu yako alikuwa nayo, na kidonda chake hakukisikia." Alimpa kiatu.

"Ingiza mkono. Polepole. Mpaka mwisho."

Binti alimtazama baba yake, akatazama bandeji, akatazama kile kiatu cheusi mapajani mwake, kimeegemea tumbo. Mlangoni kinyozi alikuwa amesimama na taulo begani. Binti akaingiza vidole, kisha kiganja, akaanza kupapasa kama alivyomwona baba yake akipapasa tangu utotoni, taratibu, akitafuta.

Mkono wake ukasimama.

"Baba," alisema, bila kuutoa. "Na wewe hukuusikia?"